Waingereza walivyochemsha: kisa cha Triumph Stag na injini iliyokuwa nyumbani

Nianze kwa kukiri, maana kaka yangu huwa anasoma hapa, na akiona nazunguka mbuyu atanipigia simu usiku wa manane. Celica yake niliiua mimi.

Ilikuwa Jumapili jioni. Natoka Morogoro kurudi Dar, mhariri anataka habari kabla ya saa mbili usiku, na gari si langu. Pale Chalinze nikaona mshale wa joto umepita katikati. Mtu mwenye akili timamu angesimama, angenunua mahindi ya kuchoma, angesubiri. Mimi nikazima AC, nikashusha vioo, nikaongeza mwendo. Kabla sijafika Mlandizi mvuke ukaanza kutoka kwenye boneti kama chungu cha makande. Nikasimama, nikafungua kifuniko cha rejeta kwa kitambaa, ndani hamna hata tone. Kwenye siti ya nyuma nilikuwa na chupa mbili za maji baridi ya kunywa. Nikamimina zote. Nikasikia "ka!", mlio mmoja tu, mfupi. Nilijua palepale kwamba mlio ule ni wa pesa.

Fundi wetu wa Ilala alipofungua hedi alinyamaza muda mrefu, na fundi akinyamaza ujue kazi ipo. Hedi imepinda. Bloku ina ufa. "Mdogo wangu, hapa hakuna cha oveholi," akasema. "Hapa ni kubadilisha injini." Celica ya kaka ni ile ya miaka ya 1990, ST202, yenye injini ya 3S-GE, ambayo hedi yake Toyota waliitengeneza kwa kushirikiana na Yamaha. Kuipata ya mtumba iliyo nzima ni kuzunguka sana na kulipa sana. Lakini ipo njia nyingine, fundi akaniambia: 3S-FE. Hiyo ni ndugu yake wa tumbo moja, lita 2 vilevile, ila imetulia, haina mbio za mwenzake. Ipo kwenye RAV4 za zamani, kwenye Carina, kwenye Ipsum. Imejaa mjini, na inaingia bila kusumbua.

Nikampigia kaka. Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kwa ile sauti ya chini ambayo mama yetu huitumia msibani: "Celica yangu uiwekee injini ya Ipsum?" Akakata simu.

Mimi nikiwa na hatia huwa nasoma. Ni ugonjwa wa watu waliosoma historia pale Mlimani halafu wakaishia kwenye chumba cha habari. Usiku ule nikaanza kutafuta habari za watu waliowahi kung'oa injini iliyokufa kwenye gari la spoti na kuweka ya gari lingine la heshima ya kawaida, ili nimwonyeshe kaka kwamba hatakuwa wa kwanza duniani. Ndipo nikakutana na Triumph Stag. Sikulala.

Kwa Kiswahili chetu cha mjini "kuchemsha" kuna maana mbili. Gari linachemsha barabarani, na mtu anachemsha akifanya jambo la aibu mbele za watu. Stag ilichemsha kwa maana zote mbili, na pamoja nayo ikachemsha kampuni nzima.

Kisa kinaanza katikati ya miaka ya 1960, mji wa Coventry, Uingereza, nyumbani kwa Triumph. Mkuu wa uhandisi pale aliitwa Harry Webster, na alikuwa na rafiki Mwitaliano, Giovanni Michelotti, mchoraji wa maumbo ya magari mjini Turin. Michelotti aliomba apewe gari kuukuu la Triumph 2000, lile la milango minne la watu wa ofisini, alikate na kuligeuza kuwa gari la maonyesho. Akapewa. Webster alipokwenda kuangalia matokeo, akalipenda kiasi kwamba maonyesho yakasahauliwa: gari likachukuliwa liwe la Triumph. Lilikuwa zuri kweli, na bado ni zuri ukiangalia picha zake leo. La wazi juu, siti nne, na upinde wa chuma juu ya vichwa vya abiria ili mwili usicheze na likipinduka msife wote. Stag maana yake ni dume la kulungu. Lilikuwa jina la ndani la mradi tu, likazoeleka, likabaki.

Gari la namna hiyo, la kuuzwa Marekani kwa watu wenye pesa zao, lilihitaji injini. Hapa ndipo ninapotaka tusimame kidogo.

Triumph walikuwa na mpango wao wa injini. Walianza na injini ya silinda nne iliyolazwa upande, ambayo wateja wake wa kwanza walikuwa Waswidi wa Saab kwa ajili ya Saab 99. Akili ya mpango ilikuwa nzuri: ukichukua mbili za namna hiyo ukaziegemeza pamoja unapata V8, na vyombo vingi vya kiwandani vinatumika kwa zote. Mwanzo V8 hiyo ilikuwa ya lita 2.5. Ikaonekana haina nguvu ya kutosha, hasa kwa Wamarekani, ikapanuliwa ikawa sentimita za ujazo 2,997, yaani lita 3. Silinda zikipanuliwa, nafasi inayobaki katikati yake inapungua. Weka hilo akilini.

Wakati huohuo mambo ya wakubwa yalikuwa yanaendelea juu. Kampuni ya Leyland, ambayo jina lake wazee wetu walilizoea kwenye mabasi na malori, na ambayo katika miaka ya 1970 ilifungua kiwanda cha kuunganisha magari Thika, Kenya, ilikuwa imeinunua Triumph mwaka 1961. Mwaka 1967 ikainunua Rover. Mwaka 1968 ikaungana na kundi la Austin na Morris, likazaliwa zimwi moja lililoitwa British Leyland. Ghafla Triumph na Rover, waliokuwa washindani wa miaka mingi, wakajikuta ndugu wa nyumba moja. Ndugu wa ndoa ya pili, kama unaelewa ninachosema.

Na Rover tayari walikuwa na V8.

Hiyo V8 ya Rover ina kisa chake, kitamu kuliko cha Stag. Ilizaliwa Marekani kwa kampuni ya Buick, ya General Motors, ikatoka kwenye magari ya mwaka 1961. Bloku alumini, hedi alumini, nyepesi sana kwa ukubwa wake. Lakini ilikuwa ghali kuitengeneza, na mwaka 1963 General Motors wakaitupa. Baadaye kidogo mkurugenzi mkuu wa Rover, William Martin-Hurst, alikuwa Marekani kwenye karakana ya Mercury, watengenezaji wa injini za boti, akijaribu kuwauzia injini za Rover. Akaiona sakafuni, imeng'olewa kwenye gari la Buick. Akauliza hii ni nini. Akaipima. Akarudi nyumbani na wazo, na mwaka 1965 Rover wakanunua haki ya kuitengeneza. Hata mhandisi wa Buick aliyeijua injini ile, Joe Turlay, ambaye alikuwa anakaribia kustaafu, alikwenda Uingereza kuwasaidia. Mwaka 1967 ikaingia kwenye gari kubwa la Rover la mawaziri, mwaka 1968 kwenye Rover 3500. Ilikuwa na sentimita za ujazo 3,528, na ilikuwa inafanya kazi.

Sasa unajiuliza swali ambalo kila fundi wa Ilala angeuliza: kwa nini wasiichukue hiyo wakaiweka kwenye Stag?

Liliulizwa hata wakati ule. Majibu yalikuwa mawili. Watu wa Triumph walisema haitaingia kwenye boneti. Na kwa upande wa Rover ilisemekana hawawezi kutengeneza za kutosha kwa ajili ya wote wawili. La pili lina ukweli ndani yake, maana Rover walikuwa na magari yao yanayoisubiri. Lakini mwaka huohuo wa 1968, kampuni ndogo ya Morgan, iliyokuwa inaunda magari ya spoti yenye fremu za mbao na wala haikuwa ya ukoo wa Leyland, ilianza kuuza Morgan Plus 8 yenye injini hiyohiyo ya Rover. Jirani alipewa, ndugu akakosa. Nakubali kwamba Morgan walihitaji chache tu. Hata hivyo mtu huwezi kuacha kunusa harufu ya kiburi: wahandisi wa Triumph walikuwa na injini yao, wameihangaikia miaka, na hakuna aliyetaka kuonekana anakopa kwa Rover.

Kuna mtu mmoja aliyesimama katikati ya yote haya, na kwangu ndiye kisa chenyewe. Spen King alikuwa mhandisi wa Rover. Ndiye aliyeongoza kazi ya kubuni Range Rover ya kwanza. Mwaka 1968, baada ya muungano, Webster alihamishiwa Austin na Morris, na King akaletwa Triumph kushika nafasi yake. Akaikuta Stag imeshapikwa nusu. Basi mwezi Juni 1970, kampuni ileile, ndani ya siku chache tu, ikazindua magari mawili: Triumph Stag yenye V8 ya Triumph, na Range Rover yenye V8 ya Rover. Mtu mmoja alikuwa na mkono kwenye yote mawili. Injini ya moja ikatumika kwenye magari ya kampuni za Rover na Land Rover mpaka mwaka 2004. Ya nyingine haikuwekwa kwenye gari lingine lolote, na Stag yenyewe ikafa mwaka 1977.

Wanaokumbuka Range Rover na Land Rover 110 za V8 zilizopita kwenye barabara zetu wanaijua injini ninayoisema hata kama hawajui jina lake. Ilikuwa inakunywa petroli kama ngamia aliyefika kisimani. Siku hizi ukisema V8 hapa mjini mtu anafikiria Land Cruiser la mkubwa fulani, lakini ile ya Rover ilitangulia.

Turudi kwenye kuchemsha. Naomba uvumilivu, maana hapa fundi wangu alinisaidia kuelewa kwa kunichorea kwa chaki sakafuni.

Kwenye injini nyingi pampu ya maji ipo mbele, chini kiasi. Maji yakipungua kidogo kwenye rejeta, pampu bado imezama, bado inasukuma. Kwenye Stag waliiweka juu, katikati ya ile V, mahali penye joto, na kwa kimo ilikuwa juu kuliko inavyopasa ukilinganisha na rejeta. Maji yakipungua kidogo tu, pampu ndiyo ya kwanza kukauka. Inazunguka hewani. Maji hayatembei. Na mshale wa joto unapima maji. Maji yasipoufikia, unaweza kukaa umetulia wakati hedi inaungua. Fundi alipofika hapo akaniangalia. Nikamwambia, mzee, mimi mshale niliuona. Akasema, "Ndiyo maana wewe huna cha kujitetea."

Ongeza na haya. Bloku ya Stag ilikuwa ya chuma na hedi za alumini. Madini mawili tofauti yakikaa kwenye maji yasiyo na dawa ya kuzuia kutu, yanalana polepole kama betri, na uchafu wake unakwenda kuziba rejeta. Halafu hedi zilishikwa kwa bolti zilizosimama wima upande mmoja na stadi zilizolala kwa pembe upande mwingine. Kutu ikiingia kwenye zile stadi, hedi haitoki. Wapo mafundi waliozikata kwa msumeno. Na kutoka kiwandani baadhi ya bloku zilikuja na mabaki ya mchanga wa kusubia ndani ya njia za maji. Cheni za taimingi zilikuwa ndefu na nyembamba, zinalegea kabla ya wakati. Zikiruka, vali zinakutana na pistoni, na huo ndio mwisho wa mazungumzo.

Kwa hiyo Stag ziliaibisha watu. James Bond aliiendesha kwenye filamu ya mwaka 1971, Diamonds Are Forever, tangazo la bure ambalo kampuni yoyote ingelilipia. Lakini mnunuzi wa Marekani alikuwa anaiona kwenye sinema jioni na kuiona imesimama kando ya barabara asubuhi. Mwaka 1973 iliondolewa soko la Marekani, soko ambalo ndilo lililokuwa sababu ya kuibuni, ikiwa imeuza chini ya magari 3,000 kule. Jumla zilizotengenezwa hadi mwisho ni 25,877. Saab, wale wateja wa kwanza, hawakusubiri: mwaka 1972 waliisanifu upya ile injini yao ya silinda nne na kuanza kuitengeneza wenyewe kwao Sweden. British Leyland yenyewe ilipofika 1975 ilikuwa imefilisika kiasi kwamba serikali ya Uingereza iliichukua. Siwezi kusema Stag ndiyo iliyoiua. Kulikuwa na migomo, magari mabaya zaidi ya hilo, na mabosi wasiosemeshana. Lakini kama unataka kuonyesha ugonjwa wote ule kwenye kitu kimoja unachoweza kukigusa kwa mkono, fungua boneti la Stag.

Sasa wanaingia mafundi, na hapa ndipo nilipokaa kitandani wima.

Magari yalikuwa bado mazuri. Mwili mzuri, siti nzuri, injini maiti. Mtu amenunua Stag kuukuu kwa bei ya kutupa kwa sababu imechemsha, afanye nini? Wengine waliweka injini ya Ford ya V6 ya lita 3. Wengine waliweka ya silinda sita ya Triumph 2500. Lakini wengi walikwenda kwenye chuma chakavu, wakatafuta Rover 3500 iliyooza mwili huku moyo mzima, wakang'oa ile V8 ya alumini, wakaipeleka gereji. Ikaingia. Ile injini iliyosemwa haiwezi kuingia, iliingia. Sisemi iliingia kama mkate kwenye chai: ilibidi kutengeneza mabano ya kuishikia, kubadilisha giaboksi, kukunja ekzosi upya, kutafuta rejeta. Lakini hayo ni mambo ya fundi mwenye mashine ya kuchomelea na wikiendi chache. Na gari likawa jepesi mbele, lina nguvu zaidi, na halichemshi ovyo.

Fikiria hilo kidogo. Kampuni yenye maelfu ya wahandisi ilisema haiwezekani, watu wakafanya kwenye banda nyuma ya nyumba, kwa kutumia vipande vya kampuni hiyohiyo. Stag yenye injini ya Rover ilikuwa bado ni British Leyland tupu. Hawakuwa wameiba kwa Wajerumani.

Na haikuwa Stag peke yake. Kulikuwa na fundi mmoja Mwingereza, Ken Costello, dereva wa mashindano wa zamani, ambaye kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1970 alikuwa anachukua magari madogo ya spoti ya MGB na kuyaingizia V8 ya Rover na kuyauza. MGB nayo ilikuwa ya British Leyland. Wakubwa wakamwita, wakaliangalia gari lake, wakaondoka, na mwaka 1973 wakatoa la kwao: MGB GT V8. Walitengeneza 2,591 tu kabla ya kuacha mwaka 1976. Halafu mwishoni mwa muongo, Triumph wenyewe, wale wale waliosema haiingii, wakaanza kuweka V8 ya Rover kwenye gari lao jipya la spoti na kuliita TR8. Stag ilikuwa imekwishazikwa. Nilipofika hapo nilicheka peke yangu saa nane ya usiku, jirani akagonga ukuta.

Asubuhi nikamtumia kaka muhtasari wa haya yote, ujumbe mrefu kama barua ya maombi ya kazi. Nikamwambia: unaona, heshima ya gari haimo kwenye namba ya injini. Watu walioipenda Stag kuliko waliyoiunda ndio waliothubutu kuing'oa injini yake. 3S-FE ni kama ile ya Rover, ndugu aliyeko nyumbani siku zote, anadharauliwa kwa sababu anabeba watoto shule.

Kaka ni mhasibu. Hajibu ujumbe mpaka ahakiki. Siku mbili baadaye akanijibu, na alikuwa amesoma zaidi yangu.

Akaniambia nimeacha sehemu ya pili ya kisa. Na ni kweli, niliiacha makusudi, nikidhani hataifikia. Leo hii wenye Stag, na wana chama chao kikubwa, wengi wanataka injini ya asili. Stag iliyobaki na V8 yake ya Triumph inaheshimika na kuuzwa vizuri kuliko iliyowekewa ya Rover. Kuna watu wanang'oa Rover na kurudisha Triumph. Kwa sababu ilikuja kugundulika kwamba injini ile, ukiisafisha mchanga wake, ukaiwekea rejeta nzuri, ukabadilisha cheni kwa wakati, ukaweka dawa ya kutu mwaka mzima na kuangalia maji kila mara, inadumu. Ubovu mwingine ulikuwa wa kubuniwa, huo hauondoki. Lakini mwingine ulikuwa wa kiwandani, wa kazi ya haraka. Na mwingine, kaka akaandika kwa herufi kubwa, ULIKUWA WA MADEREVA WASIOANGALIA MAJI.

Sikujibu.

Nimefikiria sana jambo hilo tangu siku ile, na bado sikubaliani naye kwa yote. Gari linalouzwa kwa watu wa kawaida halipaswi kudai dereva awe fundi. Ukiweka pampu mahali ambapo upungufu mdogo wa maji unaiua injini, umemtegea mtu mtego, na mtu atanasa, kwa sababu watu wana wahariri, wana watoto, wana haraka. British Leyland walikuwa wanajua. King alikuja na uzoefu wa injini nzima mkononi, na kampuni ikaendelea na ile ya kwake kwa sababu vyombo vilikuwa vimeshanunuliwa na ratiba ilikuwa imechelewa. Stag ilikusudiwa itoke 1968 na tayari ilikuwa 1970. Ukishachelewa miaka miwili hutaki kusikia habari za kuanza upya. Hilo nalielewa kuliko ninavyopenda. Ndiyo hesabu niliyoipiga pale Chalinze: nimeshachelewa, kusimama sasa ni hasara, twende tu. Tofauti ni kwamba injini ya Celica haikuwa na ubovu wowote. Mtego niliutega mwenyewe.

Mwishowe tulikubaliana hivi. 3S-FE imenunuliwa, ya mtumba kutoka Japani, imetoka kwenye Ipsum, naam. Nimelipa mimi, kwa awamu, na mwenye duka ananijua sasa kwa jina na kwa siku ya mshahara. Fundi alimaliza kuifunga Alhamisi. Alibadilisha rejeta, akaweka kulanti badala ya maji ya bomba, akanikabidhi chupa iliyobaki na kuniambia niiweke kwenye buti isitoke humo. Linawaka vizuri. Halina ule mlio wa zamani ukikanyaga, hilo siwezi kudanganya. Linaondoka kama mtu anayekwenda kazini.

Ile 3S-GE kaka amekataa isiuzwe chuma chakavu. Imelazwa kwenye kibaraza chake Tabata, juu ya tairi kuukuu, imefunikwa turubai la bluu, na shemeji ameshauliza mara mbili itaondoka lini. Anatafuta bloku. Anasema hata ikichukua miaka mitano. Na kadi ya gari bado ina namba ya injini ya zamani, kwa hiyo namba mpya imeandikwa kwa chaki kwenye ukuta wa gereji, chini ya ule mchoro wa pampu ya Stag, tunasubiri kaka apate nafasi ya kwenda kuibadilisha.